Sakulenti inaishi jangwani halafu ikija kwako inaoza, tuelewane kwa nini

Nenda kitalu chochote cha barabarani, iwe Dar au Nairobi, nunua kasakulenti kadogo, muuzaji atakwambia maneno yaleyale: hii haitaki maji, ni mmea wa jangwani. Ni kweli nusu. Hamna mmea usiotaka maji, na hii mimea ndo imeyajaza mwilini mpaka ngozi imetanuka, ukilikata jani linachuruzika. Kinachoitofautisha na mchicha wako sio kwamba haitaki maji, ni jinsi inavyopata hewa. Najua inasikika ajabu lakini twende taratibu.

Mmea unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, maji, na gesi ya kabonidayoksaidi. Gesi iko nje, kwa hiyo lazima jani liwe na vitundu vya kuingizia, vinaitwa stomata, vidogo kiasi kwamba macho peke yake hayavioni. Shida ni kwamba kitundu kikifunguka ili gesi iingie, mvuke wa maji nao unatoka palepale, hakuna namna ya kuruhusu kimoja na kuzuia kingine. Na kubadilishana kwenyewe ni kwa hasara kubwa, mmea wa kawaida unaweza kupoteza molekuli mamia za maji kwa kila molekuli moja ya kabonidayoksaidi inayoingia. Mahali penye mvua haina neno, mizizi inafidia. Sasa jangwani saa saba mchana, jua linachoma, hewa kavu kabisa, udongo haujaona tone kwa miezi: ukifungua unakauka, ukifunga unakufa njaa. Huo mkwamo ndo sakulenti zimeutafutia njia, na ukiushika huo mengine yote unayoyashangaa kwenye hii mimea, yaani umbo, ukuaji wa polepole, kujizika ardhini, hata kuoza kwake kwenye chungu, yanaanza kueleweka.

Kabla ya kuendelea niondoe mchanganyiko mmoja. Sakulenti sio ukoo mmoja wa mimea, ni mtindo wa maisha, na koo nyingi zisizohusiana zimeufikia kila moja kivyake. Mshubiri ni sakulenti, mkonge ni sakulenti, mnyaa nao hivyohivyo, na hawa hawana babu wa karibu wa pamoja. Kaktasi ni ukoo mmoja tu kati ya hizo, na asili yake ni bara la Amerika. Ile mimea mikubwa yenye miba unayoiona porini kwetu, ukienda Dodoma au ukipita Naivasha, inayotoa utomvu mweupe ukiikwaruza, ni euphorbia, na utomvu huo uogope hasa machoni. Kaktasi halisi ya porini Afrika ni moja, Rhipsalis baccifera, nayo wala haikai jangwani, inaning'inia kwenye miti ya misituni.

Mimi nataka nishikilie mimea midogo ya kusini mwa Afrika, hasa Lithops, ile inayofanana na mawe. Ukiielewa hiyo umeelewa sakulenti katika hali yake ya mwisho kabisa, maana imeondoa karibu kila kitu ambacho mmea unaweza kuishi bila hicho.

Lithops inakaa Namibia na Afrika Kusini, na kidogo imevuka mpaka kuingia Botswana. Wenyeji wa huko bila shaka walikuwa wanaijua siku nyingi, ila kwenye maandishi ya kisayansi anayetajwa wa kwanza ni Mwingereza William Burchell, ambaye mwaka 1811 karibu na Prieska, Afrika Kusini, aliinama kuokota kijiwe chenye umbo la ajabu na kijiwe kikawa mmea. Jenasi yenyewe, yaani kundi la spishi za karibu, ikapewa jina la Lithops mwaka 1922 na N. E. Brown wa bustani ya mimea ya Kew, London. Lakini mtu aliyeifanyia kazi kweli kweli ni Desmond Cole pamoja na mkewe Naureen, walizunguka huko maporini kwa miaka mingi wakiandika kila kundi la mimea liko wapi na lina rangi gani, na mpaka leo wakulima wa Lithops duniani wanatumia namba za Cole kutambulisha mbegu zao. Na hapa kuna kitu napenda sana: Cole hakuwa mwanabotania kwa kazi, alikuwa profesa wa lugha za Kibantu Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kitabu chake cha sarufi ya Kitswana kilitoka 1955. Yaani mtu wa ngeli na viambishi ndo aliyetupangia mimea ya mawe.

Spishi zake ni kama 37 hivi, na mwili wa kila moja ni majani mawili tu manene yaliyoungana karibu mpaka juu, katikati kuna ufa. Basi. Shina karibu hamna, matawi hamna, miba hamna, chini kuna mzizi. Unachokiona juu ya ardhi ni vichwa vya hayo majani mawili, vimelala sawa na changarawe, rangi ileile ya mawe ya mahali hapo, kahawia, kijivu, wekundu wa kutu. Pale mawe yanapobadilika rangi, mara nyingi na mimea inabadilika. Kobe na nungu wanaotafuta kitu chenye maji wanapita juu yake. Kuna ndugu yake mwingine, Titanopsis calcarea, anakaa kwenye mawe ya chokaa na ncha za majani yake zina vinundu vyeupe vyeupe kabisa kama chokaa iliyomomonyoka.

Sasa turudi kwenye vitundu. Lithops na wenzake wengi wanafungua stomata usiku. Jua limezama, joto limeshuka, hewa haina tamaa ya maji kama mchana, kwa hiyo kufungua hakuna gharama kubwa. Gesi inaingia, kuna kimeng'enya kinaidaka, na mwisho wa safari inafungwa ndani ya asidi ya maliki, ileile inayolipa epo la kijani ukali wake. Asidi hiyo inahifadhiwa kwenye vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji ulio ndani ya seli. Kukicha vitundu vinafungwa, asidi inavunjwavunjwa, gesi inatoka humohumo ndani ya jani, na kwa kuwa jua sasa lipo mmea unapika chakula bila kufungua chochote. Ni sawa na mama ntilie anayemenya na kukatakata kila kitu usiku ili asubuhi kazi iwe kuwasha jiko tu. Wanasayansi wanauita mtindo huu CAM.

Na sio lazima uwe na maabara kuugundua. Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi ya mimea India, alionja majani ya mmea wa jamii ya kalanchoe kwa nyakati tofauti za siku na maelezo yake yakachapishwa 1815: asubuhi makali kwa uchachu, mchana hayana ladha, jioni yana uchungu kidogo. Ameonja tu! Asidi iliyokusanywa usiku ndo hiyo aliyoisikia kwenye ulimi asubuhi, na kufikia mchana imeshatumika. (Usianze sasa kutafuna kila sakulenti ya dirishani, nyingine zina sumu, na mnyaa usiuguse kabisa.) Mtindo huohuo unatumiwa na nanasi na mkonge, kwa hiyo mashamba yale ya Tanga yanapokuwa kimya usiku, mkonge ndo uko kwenye kuvuta hewa.

Kitu ambacho watu wengi hawakiunganishi ni kwamba unene wa jani sio kwa ajili ya maji peke yake. Asidi ya usiku kucha inahitaji pa kuiweka, na pa kuiweka ni vakuoli kubwa, na seli zenye vakuoli kubwa ndo zinafanya jani liwe nene. Ghala la maji na ghala la asidi ni ghala moja. Na ghala likijaa limejaa, usiku mmoja hauwezi kukusanya gesi bila kikomo, ndo maana mimea hii inakua polepole mpaka inakera. Mchicha unafungua mchana kutwa na wiki chache tu unachuma, Lithops inachukua kama miaka mitatu tangu mbegu mpaka ua la kwanza.

Halafu kuna hatua nyingine zaidi. Ukame ukizidi sana, baadhi ya mimea ya CAM haifungui hata usiku. Inafunga jumla, na ile gesi inayotokana na kupumua kwa seli zake zenyewe inadakwa tena na kurudishwa kwenye mzunguko. Haikui, haipungui sana, ipo ipo tu inasubiri. Sasa we jiulize, mmea uko kwenye hali hiyo, hautoi mvuke, mizizi yake midogo ya kunyonyea imeshakauka, halafu mtu anakuja na jagi la maji kila Jumamosi kwa sababu anauonea huruma. Yale maji hayaendi popote. Udongo unabaki umelowa, mizizi inakosa oksijeni, fangasi wanaingia, na kwa kuwa mwili wote ni maji na sukari, kuoza kunapanda kwa kasi, jana ulikuwa mzima leo ni ujiuji. Mmea haukufa kwa sababu unachukia maji, umekufa kwa sababu ulipewa wakati umefunga.

Umbo nalo linatokana na hesabu hiyohiyo. Maji yanahifadhiwa kwa ujazo lakini yanapotea kupitia ngozi, kwa hiyo mmea wenye akiba kubwa na ngozi ndogo ndo mshindi, na umbo lenye ngozi ndogo kuliko yote kwa ujazo uleule ni mviringo wa mpira. Ndo maana ukiangalia sakulenti za koo mbalimbali, za Mexico, za Namibia, za Madagaska, unakutana na vidonge na vitufe na mapipa. Ngozi yenyewe imepakwa nta nene. Ila umbo la mpira lina ubaya wake, ngozi ndogo maana yake ni eneo dogo la kupokea mwanga. Na Lithops imejipa tatizo kubwa zaidi ya hilo kwa kujizika, maana kuzikwa kunasaidia sana dhidi ya joto, mwili uliozungukwa na udongo unapeleka joto chini badala ya kuungua hewani, na wakati wa kiangazi mmea ukinywea unazama zaidi na mchanga unaufunika kabisa, lakini klorofili, ile rangi ya kijani inayodaka mwanga, ikiwa chini ya ardhi itaupata wapi?

Jibu lake ni zuri kuliko yote. Kile kichwa bapa cha juu ni dirisha. Kwenye spishi nyingi ngozi ya juu ina maeneo yasiyo na rangi ya kijani, mwanga unapenya, unapita kwenye seli za kati zilizojaa maji safi, unasambaa, na unafika kwenye ukuta wa ndani wa jani ulioko chini ya ardhi, na huo ukuta ndo umepakwa kijani. Yaani kiwanda kiko chini kwenye giza la udongo na kinaangaziwa kupitia paa, na yale maji ya akiba yanapunguza makali ya jua njiani. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha kazi juu ya Lithops aucampiae wakaonyesha kwamba ndani ya jani moja, sehemu ya juu imejipanga kwa maisha ya jua kali na sehemu ya chini imejipanga kwa maisha ya kivuli kabisa, kama mimea ya chini ya msitu mnene. Jani moja, mazingira mawili. Na mbinu hii ya dirisha haiko kwa Lithops tu, Fenestraria ambaye ni ndugu yake anayo, lakini pia Haworthia anayo, na Haworthia ni wa upande wa mshubiri, ukoo wa mbali kabisa.

Mwaka wa Lithops unaenda hivi. Kwenye msimu wake wa kupoa, huko kusini kama Machi mpaka Mei, ua moja jeupe au la njano linachomoza kwenye ufa, mara nyingi kubwa kuliko mmea wenyewe, linafunguka mchana na kufunga jioni. Halafu ndani ya yale majani mawili yanaanza kukua mawili mapya, yamekaa kwa kukatana na ya zamani, na hayachukui maji kwenye udongo, yanayanyonya kutoka kwa wazazi wao. Majani ya zamani yanasinyaa wiki kwa wiki mpaka yanakuwa ngozi kavu nyembamba, na mapya yanatokea yamejaa. Maji yaleyale yamehama. Ukimwagilia katikati ya uhamisho huo, majani ya zamani yanajaza upya badala ya kuisha, mapya yanabanwa, unapata mmea wenye ghorofa mbili au uliopasuka ubavuni. Kwa hiyo ukiona wa kwako unanywea na kukunjamana kwa nje huku katikati kuna kitu kinavimba, uache. Kwa watu wa Dar kuna jambo la ziada, mmea umezoea usiku wa baridi ya jangwa, usiku wetu wa pwani una joto na unyevu, udongo haukauki haraka, kwa hiyo mchanganyiko wa kokoto nyingi na udongo kidogo sio urembo, ndo uhai wake. Nairobi au Arusha usiku wake unaifaa zaidi.

Kuna swali huwa linanisumbua: kwa nini huko kusini mimea ni midogo hivi, wakati jangwa la Sonora la Mexico na Marekani lina makaktasi marefu kama nguzo za umeme? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye mvua. Upande wa magharibi wa Afrika Kusini na kusini mwa Namibia kuna eneo linaitwa Succulent Karoo, mvua yake ni kiduchu lakini inakuja kipupwe karibu kila mwaka bila kukosa, na mkondo baridi wa Benguela unaleta ukungu kutoka Atlantiki. Ukiwa na uhakika kwamba kitu kidogo kitakuja, huhitaji pipa la tani nzima, unahitaji akiba ya kukuvusha miezi kadhaa na mizizi ya juujuu ya kudaka hata umande. Hapo ndo vidogo vinashinda. Conophytum, binamu wa Lithops, wengi wao wanaishi kwa ratiba hiyo, wanakunywa kipupwe, na kiangazi wanalala ndani ya ngozi kavu ya majani ya mwaka jana ukadhani wamekufa. Kwenye tambarare ya Knersvlakte wapo wanaokaa kwenye uwanja wa mawe meupe ya kwozi, mawe ambayo yanarudisha mwanga na kufanya pale chini pawe na nafuu kidogo ya joto.

Mbegu za Lithops na ndugu zake nazo zina akili, ingawa hakuna ubongo wala hata seli hai inayohusika. Tunda likikauka linakuwa kidonge kigumu kimefungwa. Mvua ikinyesha, tabaka fulani kwenye vifuniko vyake linanyonya maji na kuvimba, vifuniko vinafunguka kwa nje kama petali ndani ya dakika chache, na matone ya mvua yakigonga mle ndani yanarusha mbegu. Mvua ikikata kidonge kinakauka na kufunga tena, mbegu zilizobaki zinangoja mvua nyingine. Seli zinazofanya kazi hiyo zimeshakufa zamani, ni mtambo wa maji mtupu. Na hapa kwetu tumo: mwaka 2011 timu iliyohusisha taasisi ya Max Planck kule Potsdam, Ujerumani, ilipochapisha uchunguzi wa mtambo huu kwa undani, mmea walioutumia ulikuwa Delosperma nakurense, wa ukoo huuhuu wa Lithops, uliopewa jina kutokana na Nakuru ya Kenya.

Tone la mvua halirushi mbegu mbali. Mbegu nyingi zinaangukia karibu na mama, penye udongo uleule uliomfaa mama, na hiyo ni faida. Lakini kizazi baada ya kizazi kila kilima kinabaki na watu wake, hawachangamani sana na wa kilima cha pili, na taratibu wanakuwa spishi tofauti. Utafiti wa vinasaba wa 2004 ulikadiria kundi kuu la ukoo huu, spishi zaidi ya 1,500, limetokea ndani ya miaka kati ya milioni 3.8 na 8.7 tu, ambayo kwa mimea ni spidi ya kutisha.

Ubaya ni kwamba spishi inayokaa kwenye kilima kimoja inaweza kumalizwa na watu wawili wenye begi, kwa mchana mmoja. Tangu 2019 wizi wa Conophytum kutoka Afrika Kusini umekuwa biashara kubwa, soko lake liko nje na mtandaoni, na kipindi cha korona mipaka ilipofungwa wanunuzi wakaanza kuwalipa vijana wa vijijini wawachimbie. Mimea iliyokamatwa na vyombo vya dola imeshapita milioni moja, na hiyo ni ile iliyokamatwa tu. Serikali ya huko ikatoa mkakati wa kitaifa wa kupambana na hilo mwaka 2022. Iliyokamatwa haiwezi hata kurudishwa porini kirahisi, maana ikishachanganywa kwenye maboksi hakuna anayejua ipi ilitoka kilima kipi.

Kwa hiyo ukiwa unaperuzi mtandaoni ukakuta Conophytum kishada kikubwa cha vichwa ishirini, ngozi kuukuu zimerundikana chini, makovu mwilini, mzizi mnene umekatwa, na bei ni poa, muulize muuzaji mmea una umri gani na aliuotesha wapi. Kishada cha hivyo kwenye chungu kinachukua miaka na miaka, mtu hauzi kwa bei ya chapati. Anayeotesha kwa mbegu utamjua, ana treya zima la vidogo vya saizi moja, ngozi safi, na atakuelezea mpaka tarehe aliyopanda bila kuombwa. Mbegu za Lithops zenyewe zinaota kirahisi, wiki moja au mbili unaona vidoti vya kijani, ukitaka zako zizae mbegu uwe na mimea miwili tofauti maana mmoja haujichavushi wenyewe, na baada ya hapo ni kusubiri.